Jicho juu ya kaske: mlinzi ao mpelelezi?



Asubuhi moja, kabla ya ekipi kuingia kazini, tulisimama kama kawaida kwa yale maneno ya dakika tano juu ya usalama. Kapita alikuwa akieleza namna ya kurudisha kamyo nyuma. Mbele yake alisimama dreva mmoja kijana, amevaa miwani mipya. Mzee mmoja akanigusa bega, akasema: «Angalia, miwani ya mtoto yule inawaka taa.»

Kumbe miwani ile ilikuwa kamera. Tangu mwanzo wa mkutano ilikuwa ikichukua sura zetu na sauti zetu. Kaka yake alikuwa amemletea kutoka Dubai. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuwaonyesha wenzake wa Kadutu kazi anayoifanya. Lakini watu wawili walikasirika, mmoja alicheka, na wengine waligeuka wakaniuliza mimi: «Wewe wa usalama, unasema nini?»

Siku ile sikujibu vizuri. Nimefikiri, nimesoma, nimeuliza wanaojua. Leo najibu.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Kwanza tusiogope jina. Kamera hizi ni ndogo. Nyingine hufungwa kwenye kaske, nyingine hukaa kifuani, nyingine zimefichwa ndani ya miwani. Miwani inayojulikana sana ni ile iitwayo Ray-Ban Meta, iliyoanza kuuzwa 2023. Uzito wake ni kama gramu 50. Inapiga picha, inashika sauti, na mwenye kuivaa anaweza kuiuliza: «Kitu hiki ninachokiona ni nini?» Nayo humjibu sikioni.

Kinachojibu ni ile inayoitwa akili bandia. Usifikiri ni mzimu. Ni programu iliyoonyeshwa picha nyingi sana, huku watu wakiiambia: hii ni kaske, hiki ni kichwa kitupu, huyu ni mtu, hii ni kamyo. Baadhi ya watu wanaofanya kazi hiyo ya kuifundisha si wa mbali. Huko Nairobi ziko ofisi ambamo vijana hukaa mchana kutwa wakizipa picha majina. Baada ya masomo hayo, programu ikiona picha mpya huilinganisha na zile za zamani, kisha inakisia. Shika neno hilo, ndugu: inakisia. Haijui kama wewe unavyojua.

Katika machimbo makubwa ya Australia na nchi nyingine, kamera za jamii hii zimekwisha kuingia kazini. Nyingine hukaa mbele ya dreva na kuangalia kope zake. Kope zikifungwa kupita kiasi, kengele inalia na kiti kinatetemeka. Nyingine humwona mtu aliyesimama nyuma ya mashine inayorudi nyuma. Nyingine humtambua asiyevaa kaske.

Mimi nasema wazi: hayo ni mema. Dreva anayesinzia sekunde 3 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa amekwenda zaidi ya meta 30 bila macho. Wewe uliyepanda barabara ya kwenda Mwenga na Kamituga unajua meta 30 zinaweza kukufikisha wapi. Kengele inayomwamsha mtu huyo ni rafiki ya bibi yake na watoto wake.

KAMERA ILIONA, MIKONO ILIOKOA

Lakini tusiipe kamera sifa isiyo yake. Hapa Kivu ya Kusini tuna mifano miwili, na dunia nzima iliiona.

Mwanzoni mwa 2021, video ya Luhihi, huko upande wa kaskazini wa Bukavu, ilizunguka katika telefone za watu wa kila nchi. Ilionyesha umati wa watu wakichimba mlima kwa majembe na kwa mikono, wakitafuta dhahabu. Mwezi wa Machi waziri wa madini wa jimbo alisimamisha kazi zote pale. Watu wa mbali walitazama video ile wakaona dhahabu. Mtu wa usalama akiitazama anaona kitu kingine: mteremko usio na ngazi, watu waliosimama juu ya vichwa vya wenzao, udongo usioshikiliwa na kitu. Picha ilikuwa ile ile. Hatari haimfungui macho asiyeitafuta.

Mwezi wa Machi 2023, katika jimbo letu hilo hilo, mvua iliangusha udongo juu ya mlango wa shimo la dhahabu. Mtu fulani alichukua video. Ndani yake tunamwona mchimbaji akifukua kwa nguvu, udongo ukiendelea kuteleza juu yake, na watu wakitoka mmoja mmoja katikati ya vigelegele. Walitoka tisa, wazima. Kamera iliona yote. Lakini waliookoa walikuwa watu waliokuwa karibu, waliojua wenzao wako wapi, na ambao hawakukimbia.

Na kuna siku ambayo kamera isingesaidia kitu. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga, mvua kubwa ilijaza maji katika mashimo ya dhahabu. Gavana wa jimbo alitangaza vifo vipatavyo 50. Ili kujua kwamba mvua inanyesha hatuhitaji akili bandia. Tunahitaji amri ya kusimamisha kazi, na mtu mwenye ujasiri wa kuitoa mapema.

Vilevile kwenye galeri. Wazee walitufundisha kugonga dari kwa mtalimbo kabla ya kuanza kazi. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana na mwamba linalia kama debe tupu. Kamera ya kaske inaweza kuona ufa, kama kuna mwangaza wa kutosha na kama kioo chake hakina matope. Lakini kile kilio cha debe tupu ni sikio lako linalokisikia, na mkono wako unaoshika mtalimbo unaukisikia mtikisiko wake. Siku utakaposema «kamera ingeniambia», siku hiyo umekwisha kuacha kugonga.

HADITHI YA NGAZI

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Zamani nilifanya kazi mahali fulani, si lazima nipataje, ambapo kila tukio dogo liliandikwa katika kitabu. Wazo lilikuwa zuri. Kisha shefu mmoja akaanza kutumia kitabu kile kukata primu. Aliyeteleza alikatwa. Aliyejikwaa alikatwa. Aliyesema «nimeponea chupuchupu» alikatwa pia, kwa sababu eti hakuwa mwangalifu.

Basi kitabu kikawa kitupu. Shefu akafurahi: mwezi mzima bila tukio! Katika mwezi ule ule mwenzetu mmoja alikanyaga kidato cha ngazi kikalegea. Alishika mkono wa ngazi, hakuanguka. Alinyamaza, maana watoto wake walikuwa wanahitaji franga za shule. Siku mbili baadaye rafiki yake alikanyaga kidato kile kile. Huyo alianguka na kuvunja mguu mahali pawili. Mpaka leo anachechemea.

Nani alimvunja mguu? Kidato? Mwenzake aliyenyamaza? Mimi nasema: aliyegeuza kitabu cha usalama kuwa fimbo.

Sasa chukua kitabu kile, ukipe jicho lisilolala, ukifunge kwenye kaske ya kila mtu. Kama jicho hilo ni la kutulinda, kidato kilicholegea kitaonekana siku ya kwanza. Kama ni la kutukata franga, watumishi watajua mara moja pa kulipaka matope. Kamera itaonyesha galeri safi, na chini ya picha hiyo safi ngazi itaendelea kuoza.

«ASIYE NA KOSA HAOGOPI»

Nimekwisha kusikia jibu la wengine: asiye na kosa anaogopa nini? Nitajibu kwa mambo matatu.

Moja: mashine yenyewe hukosa. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za makampani makubwa zinazotazama sura na kusema huyu ni mwanaume ao mwanamke. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika hata 1 katika 100. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosa karibu mara 35 katika 100. Kwa nini? Kwa sababu programu zilikuwa zimefundishwa zaidi kwa sura za watu weupe. Tangu wakati ule nyingi zimerekebishwa, lakini funzo linabaki. Mashine iliyofundishwa mahali pengine, ikikuta uso wako mweusi wenye vumbi, gizani, chini ya taa ya kaske, inaweza kusema umelala kumbe unaangalia chini usikanyage waya. Nani atakuamini, wewe ao mashine?

Mbili: picha ya uso si picha tu. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard, huko Marekani, walionyesha kwamba miwani ya namna hii ikiunganishwa na programu ya kutafuta sura katika intaneti, inaweza kutoa jina la mtu usiyemfahamu, uliyekutana naye njiani. Yaani anayekutazama anaweza kukujua kabla hujasema jambo.

Tatu, na hili ni la hapa kwetu Bukavu: mambo hubadilika. Mwezi wa Februari 2025, M23 waliingia katika mji wetu. Sisemi siasa, huu ni ukurasa wa usalama. Nasema jambo ambalo kila mkaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira amelijua kwa macho yake: ofisi inaweza kubadilisha mwenyewe kwa siku moja, pamoja na makabati yake, majalada yake na mashine zake. Picha iliyochukuliwa leo kwa nia njema inaweza kesho kuwa mikononi mwa mtu usiyemjua. Itaonyesha uso wako, saa unayopita, njia unayopita, na nani unayetembea naye. Hata asiye na kosa lolote ana haki ya kuogopa hayo.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini jicho la mtu husahau. Jicho la kamera halisahau mpaka mtu alilazimishe kusahau.

MASHARTI YETU

Je, tuikatae kamera? Hapana. Tukiikataa, tutakataa pia kengele ya dreva anayesinzia. Na tusisahau kwamba picha inaweza kumtetea mtumishi. Wakisema «hakuvaa kaske», picha inaweza kuonyesha kwamba alivaa na kwamba kilichovunjika ni kamba ya kampani. Tena ndani ya vyombo vya namna hii mna tantali, bati na dhahabu, madini ambayo Kivu inayatoa na watu wanayafia. Ni haki yetu yatusaidie sisi pia.

Tuikubali kamera, lakini kwa masharti. Delege wa watumishi na kamati ya usalama na afya wayadai yaandikwe kabla kamera ya kwanza haijafungwa:

1. Tuambiwe mbele. Kamera iko wapi, inaona nini, inawaka saa ngapi. Kamera ya siri ni mtego.

2. Picha ni kwa kuzuia ajali, si kwa kukata mshahara ao primu. Anayesema mwenyewe «nimeponea chupuchupu» ashukuriwe.

3. Mashine isimhukumu mtu. Ikisema fulani amekosa, mtu mwenye akili yake aangalie picha, na huyo fulani asikilizwe kwanza, pamoja na delege wake.

4. Picha zisizo za ajali zifutwe baada ya siku chache zilizoandikwa. Ijulikane kwa majina nani ana ruhusa ya kuzitazama. Kisichowekwa hakiwezi kuibwa.

5. Hakuna kamera bafuni, mahali pa kubadilisha nguo, kwa mganga, wala katika mkutano wa sendika.

6. Kamera isichukue nafasi ya mtu. Siku kampani itakapofunga kamera na kumwondoa mwenye kugonga dari, tujue hatari imeongezeka.

Mtu asituambie kwamba haya ni madai ya watu wakaidi. Kongo ina sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Ulaya, sheria yao juu ya akili bandia imekataza tangu tarehe 2 Februari 2025 mashine zinazosoma hisia za mtumishi kazini, isipokuwa kwa sababu ya matibabu ao usalama. Na Mkataba nambari 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, juu ya usalama na afya katika machimbo, unasema watumishi wawe na haki ya kutoa habari za hatari na ya kujiondoa mahali penye hatari. Huwezi kutoa habari za hatari kama kila habari inakurudia kama fimbo.

NA WEWE, MTUMISHI

Nimesema na kampani. Sasa niseme na wewe, maana ukurasa huu haumbembelezi mtu.

Usilete miwani ya kamera, telefone ao kitu chochote chenye redio ndani mahali panapotayarishwa baruti. Vyombo hivyo hutoa mawimbi. Waya za kapsuli za umeme zinaweza kuyashika mawimbi kama antena, na kapsuli inaweza kulipuka kabla ya saa yake. Utasema: «Nimepita nayo mara kumi, hakuna kilichotokea.» Kapsuli haihesabu mara.

Usidhani miwani ya kamera ni miwani ya kazi. Kama haikutengenezwa kwa kuzuia vipande vya mawe, haitavizuia. Betri yake ni ya lithiamu: ikipondwa inaweza kuwaka moto, nawe umeivaa kando ya jicho.

Usiweke mkono ao matope juu ya kamera iliyokubaliwa kwa mapatano. Kama unaona mapatano yamevunjwa, mwambie delege wako. Ukiiziba kimya kimya, umemziba macho mwenzako anayepita nyuma ya kamyo.

Na la mwisho, ninalokuomba kwa moyo. Mwenzako akiumia, weka kamera chini. Msaidie kwanza, ita mganga, linda mahali pale. Usipige picha ya damu yake na kuituma. Fikiri mama mmoja, yuko sokoni Kadutu, anapima unga wa muhogo. Telefone yake inalia. Anaifungua, na anamwona bwana yake amelala chini ya mawe, kabla shefu ao ndugu ye yote hajafika kumshika mkono. Wewe ndiwe uliyeituma. Utamwambia nini?

NENO LA MWISHO

Yule kijana wa miwani nilimwita baadaye, tukakaa kwenye benchi. Sikumfokea. Nilimwambia aoneshe ile video. Tukaitazama pamoja mara mbili. Mara ya pili aliona mwenyewe: nyuma ya kapita, mtumishi mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kamyo iliyowaka mashine. Hakuna aliyekuwa amemwona, hata mimi. «Mzee,» akasema, «kumbe mtu yule angekufa.»

Tulimwendea mtumishi yule, hatukuandika jina lake popote, tukamwonyesha. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba kesho yake aseme yeye mwenyewe mbele ya ekipi. Alisema, watu wakasikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Kisha kijana akaifuta video mbele yetu, na miwani sasa anaiacha nyumbani.

Ndivyo ninavyoitaka kamera: ituonyeshe hatari, itufundishe, kisha isahau jina. Wazee husema ajali haina kinga. Ukurasa huu haujakubali hata siku moja methali hiyo. Kinga ipo. Ni dari iliyogongwa, ngazi iliyotengenezwa, kazi iliyosimamishwa mvua inapozidi, na mtumishi asiyeogopa kusema alichokiona.

Jicho la kwanza ni lako. Lifungue, na useme.